Mpiga Saksafoni Aliyelima Ili Apewe Wimbo

Saa nne asubuhi na dakika zake chache, mashine za kukata mawe zinanyamaza machimboni Lukenya. Vumbi linatulia juu ya mabega ya wanaume waliokaa chini, kila mmoja na kikombe chake cha chai na andazi lake. Hapo ndipo Naomi Ndunge anapofungua sanduku lake jeusi.

Anainamisha kichwa kwanza, midomo ikicheza bila sauti. Hakuna anayemsumbua. Akishasema amina, anavaa ukanda shingoni, anaitundika saksafoni yake, anawapa watu mgongo na kuutazama ukuta wa mwamba uliokatwa wima, mrefu kama nyumba ya ghorofa.

Anapuliza sauti moja ndefu. Inaenda, inagonga mwamba, inarudi. Anaisikiliza ikirudi kama mama anavyomsikiliza mtoto aliyetumwa dukani akieleza chenji imeenda wapi.

"Mama, leo usituletee ile ya kulala!" mkata mawe mmoja anapaza sauti. "Sisi tuko kazini!"

"Wewe kunywa chai," anajibu bila kugeuka. "Wimbo wa kulala ni wa mtu amechoka. Wewe umechoka na nini, na jiwe lako bado liko pale pale?"

Wenzake wanamcheka. Ndunge anapiga.

Ana miaka hamsini na mmoja, na machimbo haya ndiyo chumba chake cha mazoezi tangu majirani zake wa nyumba za kupanga kule Athi River walipomwambia, kwa adabu lakini kwa uso mkavu, kwamba watoto wanataka kusoma. Wenye machimbo walimkubalia kwa sharti moja: apige wakati wa chai, mashine zikiwa zimezimwa. Yeye anasema hajawahi kupata mahali bora.

"Ukuta wa nyumba unakusifu bure," anasema. "Huu wa hapa unakurudishia kile ulichoupa, na kosa lake ndani."

Chai inapoisha, anafunga sanduku na kuunyoosha mkono wa kulia. Una sugu mbili. Moja iko kwenye kidole gumba, pale uzito wa saksafoni unapokaa, na ina miaka ishirini na minane. Nyingine iko chini yake, mwanzo wa kiganja, ngozi bado nyekundu. Hiyo ni ya jembe. Na ni hiyo ya pili iliyomwokolea wimbo mkubwa kuliko wote aliowahi kutunga, pamoja na jina lake nyumbani kwao.

Ndunge alizaliwa kwenye vilima vya Iveti, juu ya mji wa Machakos. Kanisani kwao kulikuwa na bendi ya matarumbeta, lakini ilikuwa ya wavulana. Wasichana walipewa tari. Saksafoni ilikuwako moja tu, imelala stoo miaka mingi, panya wamekula ngozi zinazoziba matundu yake, kwa hivyo hata ukiipuliza inatoa pumzi tu kama mgonjwa wa kifua.

Akiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu aliiomba. Wakampa wakicheka. Akaipeleka kwa fundi viatu sokoni, na fundi huyo akakata ngozi mpya kutoka kwenye mkoba mkuukuu wa mama mmoja, akazibandika moja moja. Jumapili iliyofuata kicheko kiliisha.

Siku za kazi alikuwa EPZ Athi River, kiwanda cha nguo, akishona mifuko ya suruali za jinzi. Mshahara haukufika shilingi elfu sita kwa mwezi. "Nilishona mifuko maelfu na wangu ulikuwa mtupu," anasema, kisha anacheka peke yake.

Jazi aliipata kwa bahati. Sokoni Machakos aliuziwa kanda iliyoandikwa kwa kalamu kwamba ni matarumbeta ya injili. Alifika nyumbani, akaketi, akangoja.

"Nilingoja injili ianze. Upande wa kwanza ukaisha. Nikageuza. Upande wa pili nao ukakaribia kuisha. Kufika hapo, nilikuwa naomba isianze."

Aliisikiliza kanda hiyo mpaka utepe ukakatika. Baadaye alipoanza kuchanganya mambo yale na nyimbo za bendi, wazee wa kanisa walimwita. Walimuuliza anampulizia nani. Ndunge aliwajibu kwamba pumzi ni ile moja, na mwenye kuitoa ni mmoja. Wakamwondoa bendini mwaka mzima. Hakuhama kanisa. Aliketi kwenye benchi kila Jumapili, saksafoni ikiwa nyumbani, akaimba na wengine. Leo kanisa hilo hilo halifungi ndoa kubwa bila kumpigia simu, na mchungaji humtambulisha kama "binti yetu".

Alipoacha kiwanda alipiga harusini, mazishini na kwenye hoteli za Nairobi wakati wa chakula cha mchana. Polepole akajenga bendi yake ya watu wanne. Henry hupiga gitaa la besi. Ngoma ni za Yasin, ambaye familia yake inauza vipuri karibu na msikiti mjini Machakos. Kinanda ni cha Tracy, msichana wa Syokimau mwenye ulimi mwepesi kuliko vidole vyake. Ndunge mwenyewe hutunga. Vyama vya muziki vilianza kumtaja, redio zikaanza kumwita. Njia ilikuwa imenyooka.

Halafu ukaja ule wimbo.

Ukambani, shamba la mlimani halilimwi na mtu mmoja. Mvua ikija kwa hasira huchukua udongo wote na kuupeleka mtoni. Kwa hivyo wanawake hujiunga katika mwethya, kikundi cha kusaidiana, wakachimba matuta ya kuzuia maji: leo shamba la huyu, kesho la yule. Na wanalima wakiimba. Anayeuanzisha wimbo huitwa ngui. Ngui anaita, wenye majembe wanaitikia.

Marehemu Kasiva, mama yake Ndunge, alikuwa katika mwethya uitwao Ngwatanio. Ndunge akiwa mtoto aliwabebea maji ya kunywa na kukaa ukingoni akisikiliza. Wimbo mmoja ulimkaa. Ngui anauliza kwa Kikamba: mvua ikija, itamkuta nani shambani? Wote wanajibu: itatukuta sisi.

Ndunge aliuchukua wimbo huo, akautungia jazi ya nusu saa, saksafoni ikiuliza mahali pa ngui. Kabla haujakamilika, alipiga kipande chake hotelini Nairobi. Mtu akarekodi. Redio ikakipiga, na mtangazaji akasema ni wimbo wa kale wa Wakamba ambao mwenyewe hajulikani.

Kalunde, mwenye miaka sabini na sita, ngui wa Ngwatanio mpaka leo, alikuwa anachambua maharagwe kibarazani.

"Niliweka ungo chini," anakumbuka. "Nikasema, hajulikani? Sisi si tuko hapa? Tunajulikana mpaka na chifu!"

Habari zilipanda na kushuka kilima chote. Binti ya Kasiva amepeleka wimbo wa majembe hotelini, watu wanaula na kuku. Sokoni, wanawake waliomjua tangu akiwa na meno ya maziwa walianza kumsalimia huku wakitazama mboga.

Ndunge alishtuka. Moyoni mwake wimbo ulikuwa wake kwa kuzaliwa. Tena tarehe ilikuwa imekaribia: Jumamosi moja ya Septemba, mchana, katika ukumbi mjini Machakos, kazi yake ingechezwa nzima kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa nyumbani. Na ndani yake alikuwa ameacha nafasi. Saksafoni inauliza, halafu kimya, halafu wale wanawake wenyewe waitikie. Bila wao, wimbo ulikuwa na shimo katikati.

Mkono mtupu haulambwi, alijiambia. Akapanda Iveti na sukari, majani ya chai na bahasha.

Kalunde alipokea sukari. Bahasha aliiacha mezani, hata kuigusa hakuigusa.

"Hii peleka kwa sadaka," alimwambia. "Sisi hatuna duka la nyimbo."

"Mwaitu, nimekosa. Niambie nifanye nini," Ndunge alisema. Mwaitu, yaani mama yetu, ndivyo mwanamke mzima anavyoitwa huku.

"Wewe ulitubebea maji. Maji tulikushukuru. Lakini huo wimbo hauendi na mtu hajalima. Hata mama yako hakuimba siku ya kwanza. Alilima kwanza, mdomo umefungwa."

"Mwaitu, mimi mikono yangu ndiyo kazi yangu."

Kalunde alimwonyesha viganja vyake. "Na hii yetu," akauliza, "ni ya nini? Ni ya kupunga inzi?"

Ndunge alishuka kilima bahasha ikiwa mkobani. Mwenye ukumbi alimshauri akodishe kwaya ya mjini. Ni wazuri, wanasoma noti, hawana maneno mengi. Ndunge alikataa. Anasema hakuwa na sababu ya kueleza, ila alijua kwaya ingejibu vizuri swali ambalo hakuna aliyewauliza.

Alhamisi iliyofuata alikuwa shambani na jembe la kuazima.

Walianza kwa sala, wamesimama kwa mstari, vilemba vimefungwa, majembe yameegemea miguuni. Kisha Kalunde akamweka karibu naye, pale udongo ulipokuwa mgumu. Hawakumhurumia.

"Tazameni anavyoshika!" mmoja alipiga kelele. "Huyu anataka kulipuliza!"

"Binti ya Kasiva, upande wa chuma ni ule wa chini!"

"Mwacheni, anatafuta noti!"

Ndunge alicheka nao mpaka machozi. Machozi mengine yalikuwa ya kweli. Kabla ya adhuhuri malengelenge yalikuwa yamepasuka, na mpini ulikuwa na damu mahali pa kidole gumba. Hakuimba. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, kama wa mama yake siku ile.

Tracy alipouona mkono ule mazoezini, alisimama kutoka kwenye kinanda.

"Madam, umefanya nini? Hiyo kidole ndiyo inatulisha sisi wote! Shoo iko karibu hivi halafu unaenda kuchimba mtaro?"

"Itapona."

"Na isipopona?"

"Basi nitapiga na ikiuma," Ndunge alisema. "Keti, tuanze."

Na alirudi Alhamisi nyingine, na nyingine, kitambaa kikiwa kimefungwa mkononi. Huko, bila kupanga, alianza kusikia kitu ambacho mtoto wa kubeba maji hakuwa amekisikia. Wimbo ule hauendi kwa saa. Udongo ukiwa laini, jibu linakuja haraka. Jembe likikuta changarawe, jibu linachelewa, na hakuna anayeshtuka. Ngui hatazami mbele. Anatazama jembe la yule aliyechoka zaidi, na haiti mstari mwingine mpaka jembe hilo liinuke.

"Mimi nilikuwa nimeuandika wimbo kama ni wa watu wasiolima," anasema Ndunge. "Ulikuwa umenyooka mno. Ulikuwa unawaacha waliochoka nyuma."

Akaubomoa. Alichana kurasa, akaondoa mapigo yaliyohesabiwa, akawaambia wenzake wamtazame yeye.

"Yasin, nikikuangalia, piga. Nisipokuangalia, ngoja."

"Mama Ndunge," Yasin akauliza, fimbo za ngoma zikiwa juu, "mimi hapa ni mpiga ngoma ama ni gari kwa raundabauti?"

Lakini alijifunza. Anakiri kwamba kungoja ndiko kugumu kuliko kupiga kote alikowahi kupiga.

Alhamisi ya mwisho kabla ya onyesho, Ndunge alifuta jembe kwa majani na kuuliza kwa sauti ndogo kama wangekuja. Kalunde alikuwa anafunga leso.

"Kuja tutakuja," alisema. "Gari umetuma, hatuwezi kuliacha lirudi tupu. Kuitikia, hilo hatujasema."

Ukumbi ulijaa. Ngwatanio waliketi mstari wa mbele, wamevaa nguo zao za Jumapili, mikoba juu ya magoti, migongo imenyooka kama wanasubiri mahubiri. Hawakupiga makofi bendi ilipoingia. Hawakununa pia. Walikuwa wanatazama, basi.

Ndunge alipiga nyimbo zake za zamani, na watu walifurahi. Kisha akavua viatu, jambo ambalo bendi haikulitarajia, akasogea mbele ya jukwaa. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa plasta. Akauliza kwa saksafoni: mvua ikija, itamkuta nani shambani?

Akaacha nafasi.

Hakuna aliyejibu.

Akauliza tena, chini kidogo, kama mtu anayebisha hodi akijua wenyewe wako ndani. Kimya. Mtu akakohoa huko nyuma. Tracy aliweka vidole juu ya kinanda ili aokoe mambo, na Ndunge akatikisa kichwa: usijaze. Baadaye Yasin alisema aliona jasho likidondoka kutoka kwenye kidevu cha Ndunge, naye hakulifuta, wala hakuiondoa saksafoni mdomoni.

Shambani alikuwa amejifunza hivyo. Ukiita na jembe halijainuka, unangoja.

Kalunde akaweka mkoba wake chini ya kiti. Akasimama, akitumia bega la jirani. Na hakuitikia. Aliita. Sauti yake ilikuwa nyembamba, imekwaruzwa na miaka, lakini ilifika mpaka mlangoni. Maneno hayakuwa yale ya zamani. Alikuwa anayatunga pale pale.

"Aliyeondoka na wimbo," aliuliza, "amerudi na nini?"

Wanawake wote wa Ngwatanio wakainuka kwa pamoja, mikoba ikianguka.

"Amerudi na mikono!"

Kalunde akanyoosha kidole kuelekea jukwaani. Jibu, kidole kilisema. Na wewe jibu.

Ndunge, ambaye katika nusu saa ya muziki alikuwa amejitungia cheo cha ngui, alijiunga na waitikiaji. Saksafoni ikaingia chini ya sauti za wanawake wale, ikasema walichosema, amerudi na mikono. Kalunde akaita tena, wakajibu tena, na safari hii Yasin alikuwa ametazamwa. Ngoma zikaanguka kama majembe mengi kwa wakati mmoja. Henry akafuata. Tracy akaacha kusoma karatasi, akafumba macho. Hakuna kilichopigwa kuanzia hapo kilichokuwa kimeandikwa. Kalunde aliita juu ya udongo, juu ya mvua, juu ya Kasiva, na kila alipoita watu zaidi waliinuka ukumbini, mpaka waliojua Kikamba na wasiojua wote walikuwa wanajibu. Mwenye ukumbi naye alijibu, akiwa amesimama juu ya kiti chake mwenyewe.

Ilipokwisha, Ndunge alipiga magoti jukwaani. Watu walidhani ni heshima. Anasema miguu ilikataa tu, na alipokuwa chini akaona si vibaya kumshukuru Mungu, kwa kuwa ameshafika.

"Nilikuwa nimejipandisha kuwa ngui," anasimulia, macho yakimetameta. "Nikashushwa mbele ya mji mzima. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe."

Kalunde, alipoulizwa kwa nini hakuitikia kama alivyoombwa, alishangaa kuulizwa.

"Mtu mwenye jembe jipya huitikia," alisema. "Kuita kutakuja. Haraka ya nini? Mimi bado sijafa."

Tangu siku hiyo simu hazijatulia. Bendi imealikwa kwenye tamasha Kisumu mwezi Desemba, na Ndunge amewaambia wenyeji kwamba hawaji wanne, wanakuja na Ngwatanio, na chakula kiwe cha kutosha. Redio ile iliyosema mwenyewe hajulikani imeomba kuwarekodi. Kalunde amekubali, mradi majina yote yasomwe hewani, moja moja, bila haraka.

Lakini ukimuuliza Ndunge kinachomnyima usingizi wiki hii, si Kisumu wala redio. Ngwatanio wamemwingiza kwenye zamu. Jumanne, kabla mvua ya vuli haijaanza, wanalima kipande cha ardhi alichoachiwa na mama yake, ambacho hakijaguswa tangu mazishi na sasa kimekatwa na makorongo. Mwenye shamba anapaswa kupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wa kushibisha kikundi chote. Ndunge amepigia watu maelfu. Muthokoi wa sufuria kubwa hajawahi kupika.

"Ukiungua wataniimba mpaka wajukuu wao," anasema.

Na saksafoni itabaki ndani ya sanduku. Ndiyo desturi ya mwethya: kwenye shamba lake, mwenye shamba hashiki jembe, haiti wala haitikii. Huimbiwa. Ngui humtungia wimbo wake yeye, kwa jina lake, na wenzake hujibu matuta yakiinuka. Ndunge amejaribu kumdodosa Kalunde wimbo wake unasemaje. Ameambiwa akoroge sufuria.

"Tangu nikiwa msichana nimewapigia maharusi, nimewapigia waliokufa, nimewapigia watu wakila," anasema, akiichukua mizigo yake. "Jumanne nitasimama pale ukingoni na mwiko mkononi, nisikie nikiimbwa."